Dripu ya heparini wodini: hesabu, damu ya saa 6, na makosa yanayomtoa mgonjwa damu

MuuguziMkesha

Wakuu, poleni na zamu. Swali la dripu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, linarudi kila mara humu, na majibu mengi huishia kwenye "fuata maelekezo ya daktari". Daktari anaandika dozi. Anayehesabu matone, anayechukua damu ya kipimo saa 6 baada ya kuanza na anayeona mkojo umebadilika rangi saa 9 usiku ni muuguzi. Basi tuweke utaratibu wote hapa, na wenye ujuzi wa maabara na famasia waongezee. Kama hospitali yako ina jedwali lake la kurekebisha dozi lililosainiwa, hilo ndilo la kufuata. Namba nitakazotaja ni zile zinazotumika sana.

Siku hizi wagonjwa wengi wanapewa enoksaparini, ile Clexane, aina ya heparini ya sindano ya tumboni, na hiyo haihitaji dripu. Heparini ya mshipani imebaki kwa mgonjwa ambaye figo zimeshindwa, anayeweza kuingia chumba cha upasuaji ndani ya saa chache, aliye na hatari kubwa ya kutoka damu, au mwenye donge la damu kwenye mapafu na presha haijatulia. Sababu ni kwamba ukifunga dripu, nusu ya dawa inaondoka ndani ya dakika 60 hadi 90, na ipo protamini ya kuizima. Ila dawa inayoondoka haraka hivyo ndiyo hiyohiyo inayopungua mwilini dripu ikisimama kidogo tu. Hilo tutalirudia.

Ndugu wa mgonjwa waelezwe mapema kwamba heparini haiyeyushi donge lililopo. Inaipa nguvu antitrombini ya mwilini ili damu isiendelee kugandia pale, huku mwili ukilimeng'enya donge wenyewe taratibu. Wasipojua hivyo, mguu ukibaki umevimba siku ya tatu watadai dawa haifanyi kazi.

Kabla ya kufungua chochote: mpime uzito kwa mizani leo. Usiuchukue kwenye faili la mwezi jana wala usikadirie kwa macho, maana kila namba inayofuata inazaliwa na uzito huo. Chukua aPTT ya kuanzia (sekunde ambazo damu inachukua kuganda, ndiyo tutakayorekebishia dozi), PT na INR (vipimo vingine vya kuganda), FBP (picha kamili ya damu) yenye chembe sahani, na kreatinini ya figo. Uliza kama amepata heparini ya aina yoyote ndani ya siku 100 zilizopita, kama amewahi kutapika damu au kupata kiharusi cha kutoka damu, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama ana katheta ya epidura (ya ganzi) mgongoni. Weka kanula mbili. Moja ni ya heparini peke yake.

Sasa mfano. Mgonjwa ana kilo 64 na donge kwenye mapafu. Dozi ya mkupuo, ile ya kuanzia inayosukumwa kwa mara moja, ni yuniti 80 kwa kilo: 80 × 64 = 5,120, tunazungusha kuwa 5,000. Dripu ni yuniti 18 kwa kilo kwa saa: 18 × 64 = 1,152, tunazungusha kuwa 1,150 kwa saa.

Changanya yuniti 25,000 kwenye Normal Saline ya mL 500. Kila mL ina yuniti 50. Gawanya 1,150 kwa 50, unapata mL 23 kwa saa. Chupa hiyo itakaa karibu saa 22.

Mgonjwa wa moyo mwenye shambulio la mshipa wa moyo ana dozi ndogo zaidi: mkupuo wa yuniti 60 kwa kilo usiozidi 4,000, kisha yuniti 12 kwa kilo kwa saa zisizozidi 1,000. Kwa kilo 64 huyo anapata kama yuniti 750 kwa saa, yaani mL 15. Angalieni tofauti: mL 23 na mL 15, uzito uleule. Ndiyo maana kwenye karatasi ya dripu lazima iandikwe heparini ni ya ugonjwa gani.

Na neno yuniti liandikwe lote. Ukiandika "5000U" kwa mwandiko wa haraka, U inasomeka sifuri na dozi inakuwa elfu hamsini.

---

Kanula20

Uzi mzuri mkuu. Wodi yetu haina pampu, tunatumia mipira ya kawaida ya matone 20 kwa mL. Hiyo mL 23 kwa saa naiwekaje?

---

MuuguziMkesha

Kanula20, kwa mpira wa matone 20 hesabu ni 23 × 20 ÷ 60, unapata 7.67. Matone 7.67 kwa dakika hayapo, kwa hiyo utaweka 8. Tazama kinachotokea:

Matone 7 ni mL 21 kwa saa, yuniti 1,050.
Matone 8 ni mL 24 kwa saa, yuniti 1,200.
Matone 9 ni mL 27 kwa saa, yuniti 1,350.

Tone moja kwa dakika linabeba yuniti 150 kwa saa. Kwa mgonjwa wa kilo 64, badiliko dogo kabisa kwenye jedwali ni yuniti 130 hivi. Yaani kosa la tone moja ni kubwa kuliko marekebisho ambayo daktari ameagiza. Mgonjwa akikunja kiwiko, akigeuka, au chupa ikipungua, tone moja linakuja au kuondoka bila mtu kugusa kitu.

Tafuta mpira wa matone 60 kwa mL, ule wa watoto wenye burete (kichupa chenye mistari ya mL kati ya chupa na mgonjwa). Hapo mL kwa saa na matone kwa dakika ni namba moja: mL 23 ni matone 23, na tone moja ni yuniti 50 tu. Faida kubwa zaidi ni burete yenyewe. Jaza mL 46 tu, za saa 2, halafu funga klempu iliyo kati ya chupa na burete. Roli ya chini ya kurekebisha matone ikiachia kabisa, kitakachoingia kwa mgonjwa ni yuniti 2,300. Mpira wa kawaida ukiachia na chupa imejaa, zinaingia 25,000.

Bandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa, andika saa na mahali maji yanapotakiwa kufika. Hesabu matone kwa dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Na rudia hesabu kila baada ya kumgeuza mgonjwa, kumpeleka msalani au kubadili urefu wa stendi.

Ukweli lazima usemwe hapa: kama hakuna pampu wala burete, mwambie daktari waziwazi kwamba dripu hii haiwezi kuendeshwa salama wodini kwako, mjadili sindano ya chini ya ngozi. Huko si kukwepa kazi.

---

MfamasiaPwani

Niongezee upande wa kichupa, kwa sababu makosa makubwa huanzia pale kabla hata dripu haijatundikwa.

Heparini inakuja kwa nguvu tofauti ndani ya vichupa vinavyofanana. Kichupa cha mL 5 chenye yuniti 5,000 kwa kila mL kina jumla ya 25,000. Kichupa cha mL 5 chenye yuniti 1,000 kwa kila mL kina jumla ya 5,000. Vyote ni vya mL 5, na vyote vina namba "5,000" mahali fulani. Mtu akisoma "5,000" kwenye kile cha kwanza akadhani ndiyo jumla, atamsukumia mgonjwa kichupa kizima kama mkupuo: yuniti 25,000 badala ya 5,000.

Kosa la kinyume ni la siri zaidi. Ukichukua kichupa cha jumla 5,000 ukakitia kwenye mL 500 ukidhani ni 25,000, kila mL ina yuniti 10. Mgonjwa anapata 230 kwa saa badala ya 1,150. aPTT haipandi. Daktari anaongeza dozi, saa 6 nyingine haipandi, anaongeza tena. Kisha zamu mpya inachanganya chupa ya pili kwa kichupa sahihi, na kasi iliyoongezwa mara mbili inabaki vilevile. Usiku huo mgonjwa anatoka damu, na kila mtu anatafuta kosa kwenye chupa ya pili wakati lilikuwa kwenye ya kwanza. Kwa hiyo aPTT ikigoma kupanda, kabla ya kuongeza chochote okoteni kichupa kilichotumika mkisome. Vichupa vitupu visitupwe hadi dripu iishe.

Mwaka 2006 mjini Indianapolis, Marekani, watoto njiti watatu walifariki baada ya vichupa vya yuniti 10,000 kwa mL kuwekwa mahali pa vile vya yuniti 10 kwa mL vya kusafishia mipira. Mwaka uliofuata, Los Angeles, pacha wachanga wa mwigizaji Dennis Quaid walipewa kosa lilelile, wakapona. Lebo za vichupa hivyo zilikuwa za bluu zinazokaribiana. Huu si uzembe wa mtu mmoja. Nguvu mbili tofauti zikikaa kwenye droo moja, siku moja zitabadilishana.

Kuchanganya: toa kwanza mL 5 za saline kwenye chupa, ndipo utie mL 5 za heparini, jumla ibaki 500. Kisha pindua chupa juu chini angalau mara sita. Usitie heparini kwenye chupa iliyokwisha tundikwa. Inakusanyika karibu na mdomo, inaingia kwa mgonjwa kama mkupuo, na sehemu ya mwisho ya chupa inakuwa maji matupu. Lebo iwe na jina la mgonjwa, jumla ya yuniti, ujazo, yuniti kwa mL, tarehe, saa, na saini mbili. Badili chupa kila saa 24 hata kama haijaisha.

Kichupa cha kutumia mara nyingi kikifunguliwa andika tarehe, mwisho siku 28. Vingi vina pombe ya benzili kama kihifadhi, na hivyo havitumiki kwa watoto wachanga.

---

Kanula20

Saini mbili tunaweka mkuu, ila mara nyingi mwenzako anaangalia hesabu yako anasema sawa.

---

MfamasiaPwani

Hapo hakuna ukaguzi, kuna saini tu. Mtu wa pili apewe uzito, dozi kwa kilo na kichupa, akahesabu peke yake kwenye karatasi yake bila kuona jibu la kwanza. Majibu yakilingana ndipo dripu inafunguliwa. Hii ifanyike wakati wa kuanza, kila kasi inapobadilishwa, kila chupa mpya, na wakati wa kukabidhiana zamu, tena kitandani kwa mgonjwa, wote wawili wakifuata mpira kwa mkono kutoka chupa hadi kanula.

---

MaabaraDamu

Nawasalimu kutoka upande wa kipimo. Sehemu kubwa ya aPTT za ajabu tunazopokea hazitokani na mgonjwa. Zinatokana na namna damu ilivyochukuliwa. Nawaomba sana mzingatie haya.

Chukua damu mkono usio na dripu. Ukichukua juu ya kanula ya heparini, kipimo kitarudi "haigandi" na mgonjwa hana shida yoyote. Kama mikono yote miwili haifai, jadilianeni na daktari kuhusu mguu. Kama lazima itoke kwenye katheta ya mshipa mkubwa iliyopitisha heparini, simamisha dripu, safisha kwa saline mL 5, tupa damu ya mwanzo mL 5, ndipo uchukue ya kipimo. Halafu andika kwenye fomu kwamba imetoka kwenye katheta.

Chupa ni ya kifuniko cha bluu isiyokolea, yenye sitreti ya sodiamu. Damu sehemu 9 kwa sitreti sehemu 1. Ya mL 2.7 ijazwe hadi mstari. Ukiweka mL 2 tu, sitreti inazidi na aPTT inarefuka kwa uongo. Mtapunguza dawa kwa mgonjwa ambaye alihitaji kuongezewa. Ukitumia sindano ya kipepeo, hewa iliyo kwenye mpira wake inaiba ujazo wa chupa ya kwanza, kwa hiyo tanguliza chupa ya kutupa. Pindua taratibu mara 3 au 4, usitikise. Kigande kidogo kikiwemo tunaikataa sampuli, na sawa tu.

Ilete ndani ya saa 1. Hapa watu wengi hawajui sababu: chembe sahani zikikaa muda mrefu ndani ya chupa zinatoa protini inayoifunga heparini, na aPTT inafupika. Sampuli iliyosahaulika kwenye trei kwa saa 3 itaonyesha dawa haitoshi. Msiiweke kwenye friji.

Andika kwenye fomu saa halisi ya kuchukua damu na kasi ya dripu wakati huo. "Asubuhi" si saa.

Jambo la mwisho. Sekunde za aPTT zinategemea kemikali ya maabara husika. Sekunde 65 za maabara yetu si lazima ziwe sawa na 65 za hospitali ya jirani. Maabara inatakiwa itoe kiwango chake kinacholingana na anti-Xa (kipimo cha nguvu ya heparini yenyewe kwenye damu) ya 0.3 hadi 0.7. Mgonjwa akihamishwa na majibu ya hospitali nyingine, anza na kipimo kipya cha hapo.

---

SistaWaZamu

Asante sana MaabaraDamu, hilo la kipepeo lichapishwe libandikwe ukutani.

Naomba kuweka jedwali lenyewe kwa lugha ya kitandani. Linalotumika sana ni la mtafiti Raschke la mwaka 1993, lile lililopima dozi kwa kilo dhidi ya dozi moja kwa watu wote. Ndani ya saa 24, asilimia 97 ya waliopimiwa kwa kilo walivuka kiwango cha chini cha tiba, dhidi ya 77 ya wengine. Kwa mgonjwa wetu wa kilo 64, chupa ya yuniti 50 kwa mL:

aPTT chini ya sekunde 35: mkupuo mwingine wa yuniti 5,000, ongeza mL 5 kwa saa.
35 hadi 45: mkupuo wa 2,500, ongeza mL 2.5.
46 hadi 70: acha kama ilivyo.
71 hadi 90: punguza mL 2.5.
Zaidi ya 90: funga dripu dakika 60, kisha rudi kwa kasi iliyopungua mL 4.

Damu inachukuliwa saa 6 baada ya kuanza na saa 6 baada ya kila badiliko. Zikipatikana mbili mfululizo ndani ya kiwango, inakuwa mara moja kwa siku. Kama dripu ilifungwa, saa 6 zinaanza pale ilipofunguliwa tena. Mfano: jibu la 104 limefika saa 8:20 mchana, umefunga. Unafungua saa 9:20 kwa mL 19 badala ya 23. Damu inayofuata ni saa 3:20 usiku, na saa hiyo iandikwe kwenye ubao na kwenye karatasi ya kukabidhi, maana itaangukia zamu nyingine.

Na jibu likifika, lifanyiwe kazi hapohapo. Jibu la saa 6 likikaa kwenye faili mpaka raundi ya asubuhi, mgonjwa amepewa dozi ya kubahatisha usiku kucha.

Jibu likirudi "haigandi" au zaidi ya 180, funga dripu, mwangalie mgonjwa kwanza, halafu kagua kasi, chupa, na mkono uliotolewa damu. Chukua nyingine kwa kuchoma mshipa mpya na mpigie daktari. Lakini mgonjwa mwenye donge la mapafu asiachwe bila dawa zaidi ya saa moja kwa sababu tu kila mtu anamsubiri mwenzake.

Sasa lile la kusimama. Dripu inafungwa kwa ajili ya gentamisini, inafungwa tena kwenda CT, inafungwa wakati wa kuoga, kanula inavimba na mpya inapatikana baada ya dakika 50. Jumlisha. Saa 2 bila heparini ni zaidi ya nusu ya dawa imeondoka. aPTT ya jioni inakuwa 38, dozi inaongezwa, na kesho yake dripu ikienda bila kusimama aPTT inafika 110. Kwa hiyo kila kusimama kuandikwe: saa ngapi hadi saa ngapi. Daktari akiona aPTT 38 na pembeni imeandikwa "ilisimama dakika 70", uamuzi wake unabadilika.

Ndiyo sababu ya kanula ya pili. Gentamisini, amikasini, vankomaisini, diazepamu na amiodaroni hazipiti kwenye mpira wa heparini; nyingine zinatengeneza ukungu au chembechembe mbele ya macho yako.

---

NesiUghaibuni

Kwa walio Uingereza na Ghuba wanaosoma uzi huu: huku Uingereza wengi tunatumia pampu ya sindano, heparini yuniti 1,000 kwa mL, na jibu la aPTT linakuja kama uwiano wa sekunde za mgonjwa kwa zile za kawaida, lengo kwa kawaida 1.5 hadi 2.5. Mgonjwa huyohuyo wa kilo 64 anakwenda kwa mL 1.15 kwa saa. Wengine wanaweka 25,000 ndani ya mL 50, yaani 500 kwa mL, hapo ni mL 2.3 kwa saa.

Sasa weka 2.3 karibu na 23. Mgonjwa akitoka wodi ya chupa kwenda ICU ya pampu ya sindano, mtu akihamisha "23" bila kuhamisha nguvu ya mchanganyiko, mgonjwa anapata yuniti 11,500 kwa saa. Wakati wa kukabidhi semeni yuniti kwa saa kwanza, mL zifuate.

Kwenye kasi ndogo hivyo, mpira ukibanwa pampu inachelewa kupiga kelele, na shinikizo linajijenga ndani. Usifungue klempu kwa haraka, itasukuma mkupuo. Tenganisha mpira na mgonjwa kwanza, acha shinikizo litoke, unganisha tena. Na usitoe sindano kwenye pampu kabla ya kufunga upande wa mgonjwa.

---

Kanula20

Dalili za kutoka damu za kuangalia kila saa ni zipi hasa? Maana "angalia dalili za kutoka damu" ndiyo huandikwa tu.

---

SistaWaZamu

Angalia kitandani, usimwulize tu "unaendeleaje". Fizi na pua. Sehemu zote zilizochomwa sindano. Rangi ya mkojo kwenye mfuko. Choo cheusi kama lami. Mapigo ya moyo yanapanda kabla presha haijashuka, kwa hiyo mapigo kutoka 84 hadi 112 bila homa ni taarifa tosha. Maumivu ya kiuno au ubavu yanayokuja ghafla pamoja na presha kushuka yanaweza kuwa damu nyuma ya tumbo, na hapo nje hakuna tone linaloonekana. Kichwa kuuma ghafla, kutapika, kuchanganyikiwa, mdomo kwenda upande, mboni moja kubwa kuliko nyingine: funga dripu kwanza, daktari aitwe wewe ukiwa umeshafunga. HB (hemoglobini) ikishuka gramu 2 kwa desilita, damu imekwenda mahali.

Kwa mazingira yetu nalisisitiza hili: hakuna sindano ya makalio. Ile diklofenaki ya msuli ambayo ni mazoea kwa kila maumivu inaleta uvimbe mkubwa wa damu kwenye msuli, na yenyewe inadhoofisha chembe sahani na kuumiza tumbo. Parasetamoli inatosha kuanzia. Bandikeni karatasi kwenye kitanda: "Heparini: hakuna sindano ya msuli". Damu ikitolewa, bana mahali hapo dakika 5 ukitazama saa, usimwachie mgonjwa pamba aishike mwenyewe.

Dawa ya kuzima ni protamini, mg 1 kwa kila yuniti 100 za heparini iliyoingia saa 2 hadi 3 zilizopita. Usihesabu chupa nzima. Kwa dripu ya 1,150 kwa saa, saa 2 ni 2,300, kwa hiyo mg 23 hivi. Haizidi mg 50 kwa mara moja, na inasukumwa taratibu, si zaidi ya mg 5 kwa dakika. Ikienda haraka presha inaporomoka. Mwenye mzio wa samaki, au mwenye kisukari aliyetumia insulini ya NPH, anaweza kupata mzio mkali, hivyo adrenalini iwe karibu. aPTT irudiwe dakika 15 baadaye, kisha tena baada ya saa chache, kwa sababu heparini inaweza kurudi. Protamini ikizidi nayo inazuia damu kuganda.

---

MaabaraDamu

Msisahau chembe sahani. Hesabu ya kuanzia, kisha kila siku 2 au 3 kuanzia siku ya 4 hadi ya 14 maadamu heparini inaendelea. Zikishuka zaidi ya nusu kati ya siku ya 5 na ya 10, mfano kutoka 240 hadi 105, fikirieni mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya heparini. Kwa aliyepata heparini karibuni inaweza kutokea ndani ya siku moja, ndiyo maana ya lile swali la siku 100.

Jambo linalochanganya watu ni kwamba mgonjwa huyu chembe zimeshuka lakini hatari yake ni kuganda zaidi: mguu mwingine unavimba, kidole kinakuwa cheusi. Heparini yote inafungwa, pamoja na ile ya kusafishia mipira na ya kwenye dayalisisi, na enoksaparini si mbadala wake. Mbadala ni argatrobani, bivalirudini au fondaparinuksi. Haongezewi chembe sahani kwa mazoea, na warfarini (kidonge cha kuzuia damu kuganda) haianzi hadi chembe zifike 150.

Pia angalieni potasiamu. Heparini inapunguza aldosteroni, na kwa mwenye figo mbovu au kisukari potasiamu inaweza kupanda kimyakimya.

---

Kanula20

Swali langu la mwisho wakuu. Usiku maabara yetu haifanyi aPTT. Jibu linakuja saa 4 asubuhi.

---

MfamasiaPwani

Dripu isiyopimwa saa 12 haifai, mkuu. Kama figo ziko sawa, enoksaparini mg 1 kwa kilo kila saa 12 ndiyo jibu. Kama uwezo wa figo uko chini ya mL 30 kwa dakika, inakuwa mara moja kwa siku. Kama heparini ndiyo iliyopo, kuna dozi ya chini ya ngozi isiyohitaji aPTT, iliyochapishwa kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2006: ya kwanza yuniti 333 kwa kilo, kisha 250 kwa kilo kila saa 12. Kwa kilo 64 dozi ya kuendelea ni 16,000. Kwa kichupa cha 5,000 kwa mL hiyo ni mL 3.2, nyingi kwa sehemu moja, igawanywe mbili. Uamuzi ni wa daktari, lakini aambiwe kwamba njia ipo.

---

MuuguziMkesha

Nimalizie na kuitoa dripu, maana nako watu wanakosea.

Kwenda warfarini: zote mbili ziende pamoja siku 5 au zaidi, na INR iwe 2 au zaidi kwa saa 24, ndipo dripu ifungwe. INR ikifika 2.1 siku ya tatu usifunge. Ile namba imepanda kwa sababu faktari ya saba, moja ya protini za kugandisha damu, imepungua mapema, nyingine zenye nguvu ya kugandisha bado zipo. Mgonjwa wa TB anayemeza rifampisini, INR itasuasua kwa siku nyingi kwa sababu ini linaimaliza warfarini haraka. Daktari aamue dozi akijua hilo, na atakapomaliza rifampisini INR ifuatiliwe kwa karibu, la sivyo itapaa.

Kwenda enoksaparini: sindano ya kwanza ndani ya saa 1 baada ya kufunga dripu. Kwenda vidonge vya rivaroksabani: kidonge kimezwe wakati uleule dripu inapofungwa.

Kwenda upasuaji au kuchomwa uti wa mgongo: funga saa 4 hadi 6 kabla, na aPTT iwe imerudi kawaida kabla ya sindano. Katheta ya epidura ikitolewa, heparini isirudi kabla ya saa 1 kupita, na miguu ipimwe nguvu na ganzi kila saa kwa usiku huo. Mgonjwa akisema miguu imekuwa mizito, usisubiri raundi.